Ada ya uhamisho ni ahadi, na mdhamini wake ni televisheni

Agosti 2023 Chelsea walimsajili Moisés Caicedo kutoka Brighton, na kila kichwa cha habari kikabeba namba ileile: pauni milioni 115. Ubishi ukawaka kama kiungo mkabaji anastahili bei hiyo. Namba yenyewe wachache waliifungua. Milioni 100 ndizo zilizokuwa za uhakika. 15 zilizobaki ni za masharti, na hulipwa kadiri masharti yanavyotimia. Tena ada za ukubwa huo ni nadra sana kulipwa kwa mkupuo. Zinakwenda kwa awamu, mara nyingi kwa miaka mitatu hadi mitano, na tarehe za awamu hupiganiwa kwa jasho lilelile linalomwagika kwenye bei.

Chukua mfano wa kubuni. Muuzaji anataka milioni 66, mnunuzi anasema 60. Mnunuzi mjanja hakatai 66. Anakubali, ila anataka kulipa kwa miaka minne badala ya miwili. Muuzaji anapata namba ya kuwaringia mashabiki wake, mnunuzi anapata muda. Kwa anayejua thamani ya pesa ya leo na ya kesho, bei hizo mbili zimekaribiana mno. Ndiyo maana mimi huzisoma rekodi za usajili kwa jicho la pembeni: bila kujua awamu, namba peke yake haisemi mengi.

Na muuzaji akiwa na shida ya pesa leo? Anaubeba mkataba wa mauzo hadi kwa mkopeshaji. Mkopeshaji anampa, tuseme, 60 sasa hivi, kisha yeye mwenyewe anakusanya zile awamu za 66 kutoka kwa mnunuzi. Biashara hii ni ya kawaida kabisa Ulaya. Mkopeshaji hahangaiki kujua kama mchezaji ana mguu mzuri wa kushoto. Anauliza kama mnunuzi yuko kwenye ligi yenye mkataba mnono wa televisheni, na kama sheria inamlinda akifilisika. Uingereza inamlinda vizuri: klabu ikianguka, madeni yake kwa klabu nyingine na kwa wachezaji hutakiwa kulipwa yote kabla ya wadai wengine, la sivyo ligi inaiadhibu. Fundi bomba na muuza mikate wanasubiri nyuma ya foleni.

Kwa hiyo ada kubwa tunazozisoma si pesa iliyokaa sandukuni ikingoja kutumika. Ni pesa ya televisheni ya miaka ijayo, imeahidiwa kabla haijaingia, na anayeipokea ahadi hiyo naye anaitumia kuahidi wengine. Ahadi ni deni, wanasema wazee, na hapa ni deni la maandishi lenye riba.

Hesabu ya vitabuni

Pesa inayotoka benki ni jambo moja, gharama inayoandikwa kwenye vitabu ni jingine, na sheria za matumizi hufuata vitabu. Ada ya mchezaji hugawanywa kwa miaka ya mkataba wake. Milioni 60 kwa mkataba wa miaka 5 ni gharama ya milioni 12 kila mwaka, hata kama klabu ililipa zote siku ya kwanza au bado haijalipa hata senti.

Chelsea waliona mwanya hapo. Mikataba mirefu inaipunguza gharama ya mwaka, basi wakatoa mirefu kwelikweli: Enzo Fernández Januari 2023 kwa miaka minane na nusu, Caicedo miaka minane. Zile milioni 100 za uhakika za Caicedo, ukizigawa kwa 8, ni 12.5 kwa mwaka. Ukizigawa kwa 5 ni 20. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, wakaziba mwanya huo kwa kuweka kikomo cha miaka 5 kuanzia majira ya joto ya 2023, na Desemba mwaka huohuo klabu za Ligi Kuu ya Uingereza nazo zikapiga kura kufuata kikomo hicho kwa usajili mpya. Mchezaji mmoja, basi, aliweza kuwa na gharama mbili tofauti kwa mwaka mmoja, kutegemea nani anakagua.

Kuna mbinu nyingine isiyo na makelele. Baada ya miaka mitatu, mchezaji wetu wa milioni 60 amebakiwa na milioni 24 vitabuni. Akiongezewa mkataba ili awe na miaka 4 mbele yake, zile 24 zinagawanywa upya: 6 kwa mwaka badala ya 12. Mashabiki wanashangilia "amesaini, anaipenda klabu". Mhasibu naye anashangilia, kwa sababu zake.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoeleza mauzo yanayoonekana ya ajabu. Mchezaji huyo akiuzwa kwa 30, vitabuni ni faida ya 6, ingawa alinunuliwa kwa 60. Akiuzwa kwa 15 ni hasara ya 9, na yote inaandikwa mwaka huohuo. Hapo utaelewa kwa nini klabu inamwacha mtu akae benchi miaka miwili, inamtoa kwa mkopo huku na kule, na haimwachi aende kwa bei ya soko. Mchezaji hana ubaya. Ubaya ni ile 24 iliyobaki kwenye daftari. Ongeza mshahara mkubwa ambao hakuna klabu nyingine iko tayari kuulipa, na umepata mtu asiyeuzika.

Sasa njoo kwa kijana aliyekuzwa akademi. Hakununuliwa, kwa hiyo vitabuni thamani yake ni sifuri. Akiuzwa kwa milioni 30, zote 30 ni faida, na inahesabiwa yote mara moja. Hili ndilo jambo linaloniudhi kuliko yote katika kanuni hizi: zimemfanya mtoto wa nyumbani awe bidhaa ya kwanza kupelekwa sokoni.

Siku za mwisho za Juni 2024, kabla vitabu havijafungwa tarehe 30, ilionekana waziwazi. Ian Maatsen alitoka Chelsea kwenda Aston Villa kwa pauni milioni 37.5. Omari Kellyman, chipukizi aliyekuwa ameonja timu ya kwanza mara chache tu, alitoka Villa kwenda Chelsea kwa milioni 19. Wote wawili thamani yao vitabuni ilikuwa ndogo mno. Tazama upande wa Villa: wanaandika faida ya karibu 19 mwaka huo, huku gharama ya Maatsen, 37.5 ikigawanywa kwa miaka 5, ni 7.5 tu kwa mwaka. Chelsea nao wanafanya hesabu ileile kwa upande wao. Everton, Newcastle na Nottingham Forest walikuwa na biashara za namna hiyo wiki hizohizo. Hakuna kanuni iliyovunjwa. Kila mmoja alipata faida ya mwaka huu kwa kujitwika gharama ya miaka mitano ijayo.

Tarehe 30 Juni

Kanuni yenyewe ya Ligi Kuu ya Uingereza ilikuwa hivi: hasara isizidi pauni milioni 105 kwa misimu mitatu, yaani 35 kwa msimu, mwenye klabu akifidia sehemu kubwa kwa mtaji wake. Gharama za akademi, timu ya wanawake, uwanja na kazi za jamii hazihesabiwi. Klabu iliyokuwa daraja la chini inaruhusiwa 13 tu kwa kila msimu ilioukaa huko.

Forest walipanda 2022, kwa hiyo kikomo chao kilikuwa 13 + 13 + 35, yaani 61. Walikipita kwa milioni 34.5. Hoja yao ilikuwa Brennan Johnson, kijana wao wa akademi. Walimuuza Tottenham tarehe 1 Septemba 2023 kwa pauni milioni 47.5, na kwa kuwa vitabuni ni sifuri, mauzo hayo yangeliziba pengo lote na chenji ikabaki. Ila vitabu vilikuwa vimefungwa tarehe 30 Juni. Walijitetea kwamba wangemuuza Juni wangepata bei ya kutupa, na kwamba kusubiri ndiyo busara ya biashara. Kama biashara, walikuwa sahihi. Kama kanuni, walikatwa pointi 4 Machi 2024. Everton walikuwa wamekatwa 10 Novemba 2023, zikapunguzwa hadi 6 baada ya rufaa, kisha wakaongezewa adhabu ya 2 kwa hesabu za mwaka uliofuata.

Soko lote linaijua tarehe hiyo. Mnunuzi akijua una hadi Juni 30, anapiga simu Juni 27 na dau la nusu bei.

Novemba 2025 klabu za Ligi Kuu ya Uingereza ziliamua kuachana na kanuni ya hasara kuanzia msimu wa 2026–27, na badala yake kupima gharama za kikosi dhidi ya mapato: zisizidi asilimia 85. UEFA wao wanataka asilimia 70 kwa klabu zinazocheza mashindano yao, na gharama za kikosi ni mishahara, ile ada iliyogawanywa, na malipo ya mawakala. Kipimo hiki ni rahisi zaidi kukielewa, ila kina matokeo yake: mwenye mapato makubwa ana ruhusa ya kutumia zaidi, na mapato makubwa, kwa wengi, ni televisheni.

Pesa inatoka wapi

Ligi Kuu ya Uingereza ilipoanza 1992, haki za mechi za moja kwa moja zilikwenda kwa BSkyB, televisheni ya kulipia. Miongo miwili baadaye mzunguko wa 2013–16 uliuzwa ndani ya Uingereza kwa pauni bilioni 3.018, na ule wa 2016–19 kwa bilioni 5.136. Hapo ndipo ada zilipopaa, na si kwa bahati. Kila klabu ilijua mapema ni kiasi gani kinakuja, na kila muuzaji duniani alijua kwamba wanajua.

Mkataba wa sasa, 2025–29, ni wa bilioni 6.7. Umetangazwa kama rekodi, na kwa jumla ni rekodi. Sasa chukua kikokotoo. Ule wa 2016–19 ulikuwa wa misimu mitatu yenye mechi 168 za moja kwa moja kila msimu, yaani mechi 504: zaidi kidogo ya pauni milioni 10 kwa mechi. Huu wa sasa ni wa misimu minne, mechi hadi 270 kwa msimu: takribani milioni 6.2 kwa mechi, hata ukizijumlisha pesa za vipindi vya muhtasari. Hiyo ni chini ya bei ya mechi moja ya 2013–16, ambayo ilikuwa kama 6.5. Kwa msimu mzima, 2016–19 ilileta bilioni 1.71, sasa ni 1.68. Ndani ya Uingereza televisheni imeacha kupanda. Ligi imeongeza idadi ya mechi na urefu wa mkataba ili namba ya jumla ionekane inakua. Kinachoibeba sasa ni wanunuzi wa nje ya nchi, ambao katika mzunguko wa 2022–25 walilipa zaidi ya wa ndani kwa mara ya kwanza.

Jinsi pesa inavyogawanywa ni muhimu kuliko kiasi chenyewe. Uingereza, nusu ya pesa za ndani hugawanywa sawa kwa klabu zote 20, robo hufuata nafasi kwenye msimamo, robo hufuata mara ngapi ulionyeshwa. Za nje zilikuwa zikigawanywa sawa kabisa. Tangu 2019–20 nyongeza yake hufuata nafasi, na kuna kikomo: wa juu asipate zaidi ya mara 1.8 ya wa chini. Msimu wa 2023–24 Manchester City, mabingwa, walipata karibu pauni milioni 176 kutoka ligi. Sheffield United walioburuta mkia walipata karibu 110.

Hispania ilikuwa kinyume. Hadi sheria ya 2015 kila klabu iliuza mechi zake yenyewe, na Real Madrid na Barcelona walikuwa wakichota kila mmoja mara kadhaa ya klabu za kawaida. Serikali ikalazimisha haki ziuzwe kwa pamoja: nusu sawa, robo kwa matokeo ya misimu mitano, robo kwa ukubwa wa klabu katika jamii. Pengo limepungua, lakini mikono ya wakubwa ilikuwa imeshafika mbali.

Sasa tuingie kwenye mahesabu ya klabu ndogo. Bournemouth wana uwanja wa viti takribani 11,000. Ukiujaza kila wiki, bado mapato ya mlangoni ni chembe mbele ya mgao wa televisheni. Klabu ya namna hiyo inaishi kwa chanzo kimoja cha pesa, na chanzo hicho kinakatika siku moja tu: siku ya kushuka daraja. Kwa sababu hiyo wanaoshuka hupewa ruzuku ya kutua, asilimia 55 ya ule mgao wa sawa katika mwaka wa kwanza, 45 wa pili, na 20 wa tatu kama walikaa juu zaidi ya msimu mmoja. Bila ruzuku hiyo klabu zingefilisika kwa mishahara. Kwa ruzuku hiyo, zinashuka zikiwa na pesa ambazo wapinzani wao wa daraja la chini hawajawahi kuziona, na ligi ya chini inaharibika. Halafu anayepanda bila kuwa na akiba anakuta pengo halirukiki. Msimu wa 2023–24 waliopanda wote watatu walishuka: Burnley, Luton na Sheffield United. 2024–25 ikajirudia kwa Leicester, Ipswich na Southampton.

Kosa la kawaida la klabu inayopanda ni kununua wachezaji wengi kwa mikataba mirefu isiyo na kipengele cha kupunguza mshahara wakishuka. Kipengele hicho ni mistari michache tu ya karatasi. Mawakala wanakichukia, na mwenye klabu aliyelewa furaha ya kupanda anakiacha kipite. Mei ya mwaka unaofuata anabaki na kikosi cha ligi kuu na mapato ya daraja la pili.

Mrushaji asipolipa

Mfano wa Uingereza ni wa zamani lakini bado unafundisha. Kampuni ya televisheni ya ITV Digital ilinunua haki za madaraja ya chini, yale yaliyo chini ya Ligi Kuu, kwa pauni milioni 315 kwa misimu mitatu kuanzia 2001. Watazamaji hawakuja. Machi 2002 kampuni ikawekwa chini ya msimamizi wa ufilisi ikiwa bado inadaiwa milioni 178.5. Klabu zilikuwa zimeshasaini wachezaji kwa pesa hizo. Ligi ikaenda mahakamani kuwadai wamiliki wa kampuni, Carlton na Granada, wenye pesa kweli. Ikashindwa, kwa kuwa wamiliki hao hawakuwa wamesaini dhamana inayowafunga. Waliouza haki za mamia ya mamilioni walikuwa wamekosa sahihi mbili.

Ungedhani kosa hilo halirudiwi. Mwaka 2018 ligi ya Ufaransa iliuza sehemu kubwa ya haki zake za 2020–24 kwa kampuni ya matangazo ya Mediapro, kwa karibu yuro milioni 800 kila mwaka, bila dhamana ya benki. Oktoba 2020 awamu ya yuro milioni 172 haikulipwa. Desemba mkataba ukavunjwa. Amazon wakaja kuokota mechi nane kati ya kumi za kila raundi kwa milioni 250 kwa mwaka. Ligi ikauza asilimia 13 ya kampuni yake ya biashara kwa mfuko wa uwekezaji wa CVC, 2022, kwa yuro bilioni 1.5. Mwaka 2024 DAZN, mrushaji wa mtandaoni, wakanunua kwa takribani milioni 400 kwa mwaka, wakaondoka baada ya msimu mmoja, na 2025 ligi ikaanzisha chaneli yake yenyewe.

Katika muda wote huo mikataba ya wachezaji iliyosainiwa kwa bei ya Mediapro ilibaki vilevile. Mshahara haushuki kwa sababu mrushaji amekimbia. Klabu za Ufaransa zilibaki na njia moja, kuuza vijana haraka, na kila mnunuzi alijua kwamba hawana ujanja.

Milioni 222 zilivyotembea

Hispania kila mchezaji ana kipengele cha kuvunja mkataba, yaani bei iliyoandikwa ambayo ikilipwa yuko huru kuondoka. Ni matokeo ya amri ya serikali ya 1985 kuhusu wanamichezo. Kisheria anayelipa ni mchezaji mwenyewe. Ndiyo maana Agosti 2017 mawakili wa Neymar, aliyekuwa akitoka Barcelona kwenda PSG ya Paris, walikwenda ofisi za ligi kukabidhi yuro milioni 222, ligi ikakataa kuzipokea, zikapelekwa moja kwa moja Barcelona. Hakukuwa na mazungumzo ya bei wala awamu. Ilikuwa pesa taslimu, nadra kabisa kwa biashara hii.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Barcelona walikuwa na pesa yote mkononi na dunia nzima ilikuwa imeiona ikiingia. Borussia Dortmund, waliokuwa wamemnunua Ousmane Dembélé mwaka mmoja tu kabla, wakamuuza kwa 105 na bonasi juu yake. Liverpool wakamtoa Philippe Coutinho Januari 2018 kwa takribani 120 na bonasi. Katika dirisha hilohilo la usajili Virgil van Dijk akatoka Southampton kwenda Liverpool kwa pauni milioni 75. Bei ya mchezaji hupangwa na ukubwa wa pochi ya anayebisha hodi, na pochi ya Barcelona ilikuwa imeachwa wazi mezani.

Coutinho aliuzwa Aston Villa 2022 kwa karibu yuro milioni 20. Dembélé aliuzwa PSG 2023 kwa 50. Katikati kuna Antoine Griezmann, aliyenunuliwa na Barcelona kwa 120 mwaka 2019. Agosti 2021 rais wa Barcelona alitangaza deni la yuro bilioni 1.35, na Lionel Messi akaondoka bure kwa kuwa kikomo cha mishahara cha ligi hakikuruhusu asajiliwe tena. Mwaka uliofuata, ili waruhusiwe kusajili, Barcelona waliuza asilimia 25 ya mapato yao ya televisheni ya ligi kwa miaka 25 ijayo. Mchezaji wa 2040 ameshamlipia mchezaji wa 2022.

Kwa mtazamaji, athari inaonekana kwenye ratiba. Mrushaji hulipia saa za kujaza, kwa hiyo dawa ya kila upungufu wa pesa ni mechi zaidi. Ligi ya Mabingwa Ulaya ilitoka mechi 125 hadi 189 kuanzia 2024–25, na kila klabu inapata yuro milioni 18.62 kwa kuingia tu, milioni 2.1 kwa kila ushindi. Misuli ya wachezaji haikuongezwa.

Asilimia tano

Kuna kipande cha pesa hizi kinachorudi chini, na ndicho kinachopotea zaidi. Kanuni za FIFA zinataka asilimia 5 ya kila ada iende kwa klabu zilizomlea mchezaji tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Kwa kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15 ni asilimia 0.25 ya ada yote. Kwa kila mwaka wa 16 hadi 23 ni 0.5. Klabu iliyomlea kuanzia 12 hadi mwisho wa 17 ina miaka minne ya 0.25 na miwili ya 0.5, jumla asilimia 2. Akiuzwa kwa yuro milioni 50, hiyo ni milioni 1. Tangu Julai 2020 kanuni inagusa hata mauzo kati ya klabu mbili za nchi moja, mradi aliyemlea yuko nchi nyingine.

Zamani klabu ililazimika kudai yenyewe, na nyingi hazikujua hata kwamba zina haki. Tangu Novemba 2022 kuna chombo cha FIFA, makao yake Paris, kinachokusanya na kugawa. Mchezaji akihama kimataifa mfumo unajenga pasipoti yake ya kielektroniki, yaani orodha ya klabu alizosajiliwa, kutoka rekodi za mashirikisho, na kuna siku kumi za kuikagua ambapo klabu iliyosahaulika inaweza kuomba kuingizwa. Siku kumi hupita upesi. Mali bila daftari huisha bila habari: kama kijana alicheza kwako misimu mitatu na hukumsajili kwenye mfumo wa shirikisho lako, pasipoti itaonyesha tundu pale, na wewe hupati kitu.

Makosa yanajirudia yaleyale. Tarehe ya kuzaliwa kwenye fomu ya zamani haifanani na ya pasipoti ya kusafiria. Tarehe za kuanza na kumaliza msimu hazikujazwa. Kijana alitolewa kwa mkopo na mwenye klabu anadhani muda huo ni wake, kumbe ni wa klabu aliyofanyia mazoezi. Au karatasi zote ziko sawa, lakini klabu inashindwa ukaguzi wa chombo hicho kwa kuwa akaunti ya benki ni ya jina la mtu binafsi. Na awamu zinakuandama hadi huku: ada ikilipwa kwa miaka minne, sehemu yako nayo inakuja vipande vinne, na bonasi zikiiva miaka baadaye unastahili asilimia yake pia, kwa hiyo faili lisifungwe baada ya malipo ya kwanza.

Ila kadiri ada zinavyopanda, wachezaji wa juu kabisa wamegundua njia inayoipita kanuni hii. Wanasubiri mkataba uishe. Tangu hukumu ya Bosman ya Desemba 1995 mchezaji aliyemaliza mkataba anaondoka bila ada, na ile pesa ambayo ingekwenda kwa klabu inakwenda kwake kama malipo ya kusaini. Kylian Mbappé alihamia Real Madrid 2024 kwa njia hiyo. Alikuwa na miaka 25, kwa hiyo hata fidia ya malezi, malipo mengine kwa klabu zilizomlea, ambayo huishia mwaka wa kutimiza miaka 23, haikuhusika. Malipo ya kusaini si ada ya uhamisho. AS Bondy, klabu ya utotoni mwake nje kidogo ya Paris, ilistahili asilimia ya sifuri.